Jinsi ya kuazima vitabu, midoli na gemu maktaba kwa ajili ya watoto: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Wazazi wengi maktaba ya umma tunaijua kama chumba cha kimya ambacho wanafunzi wa mitihani wanaenda kujisomea, basi. Ukimwambia mtu kwamba pale unaweza kutoka na pazo (zile picha za kuunganisha vipande), gemu ya mezani, mfuko wa vikaragosi vya kusimulia hadithi au hata darubini, anadhani unamtania. Kiukweli siyo kila maktaba ina vyote hivyo, zingine zina rafu mbili tu za vitabu vya watoto na hizo mbili zinatosha kabisa kuanzia, ila kuna zingine zina stoo nzima ya vitu ambayo hakuna anayeiulizia kwa sababu haijaandikwa popote mlangoni. Na wazo lenyewe si la jana. Kule Los Angeles kuazimisha watoto midoli kulianza mwaka 1935, na Stockholm, Sweden, mwaka 1963 wakafungua sehemu waliyoiita lekotek, ambayo ilianza kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, mzazi anaazima kifaa cha kuchezea na anaonyeshwa namna ya kukitumia na mwanae.

Ntaenda hatua kwa hatua, ila msimamo wangu niuseme mapema: azima kwa ajili ya mtoto uliye naye leo, yule anayepanga vifuniko sakafuni, usiazime kwa ajili ya daktari au injinia unayemuota. Ukishika hilo hata maktaba ndogo itakutosha, usiposhika hata ukipewa maktaba ya ghorofa kumi vitabu vitakaa kwenye begi mpaka tarehe ya kurudisha ifike.

Hatua ya 1: Anzia nyumbani, mchunguze anacheza nini

Siku chache kabla ya kwenda chukua karatasi, ibandike hata mlangoni, kila ukimuona mtoto karudia kitu andika. Watoto wadogo hasa wa miaka 2 mpaka 4 wana tabia ya kung'ang'ania kitendo kimoja wanakirudia wee mpaka unachoka wewe: kuna anayebeba vitu toka chumba hiki kupeleka kile, kuna anayefunika kila kitu kwa nguo, kuna wa kupanga mistari, kuna wa kuzungusha, kuna wa kurusha. Wengi tunaona ni utundu tu, kumbe hapo ndo mtoto anafanya utafiti wake.

Chukulia mtoto anayepanga vifuniko vya chupa ukutani, kimoja kikasimama kikabingirika mpaka chini ya kiti, akakifata, akakirudisha, akakiachia tena makusudi, alafu akajaribu na kipande cha ubao kikagoma kubingirika, akakuangalia akauliza "mbona hiki hakiendi?" Hilo swali moja ni listi yako nzima ya maktaba. Kitabu cha picha cha magari na matairi, kitabu rahisi cha sayansi kinachoongelea mteremko na msuguano, hadithi yoyote yenye kitu kinachobingirika na kukimbiliwa, na kama maktaba inaazimisha vifaa vya kuchezea basi seti ya reli za mbao au vigari. Vyote vinne vinajibu swali moja ambalo yeye mwenyewe ndo kaliuliza, kwa hiyo hutahitaji kumlazimisha avifungue.

Kwa wakubwa kidogo, 6 kwenda juu, karatasi iwe na maswali badala ya vitendo. Wanauliza mambo ya ajabu muda mbaya, ukiwa jikoni, ukiwa unaongea na simu. Usijibu yote, andika mengine umwambie hili tutalitafuta maktaba. Na usisahau vya shule, ila mi ningekushauri vya shule visizidi theluthi ya mzigo, maktaba ikigeuka kuwa homuweki ya pili mtoto atakuambia anaumwa tumbo kila mkitaka kwenda.

Hatua ya 2: Kadi

Hapa taratibu zinatofautiana toka sehemu hadi sehemu lakini kwa ujumla utaulizwa kitambulisho, kitu cha kuthibitisha unapoishi, na kwa mtoto sahihi ya mzazi au mlezi. Manifesto ya maktaba za umma ya UNESCO, ya 1994 na ile iliyofanyiwa marekebisho 2022, inasema huduma zake kimsingi ziwe bure, lakini usishangae ukikuta sehemu wanachukua ada ndogo ya uanachama au dhamana ambayo unarudishiwa ukijitoa. Uliza kabla, na risiti ya dhamana itunze.

Kama wanaruhusu mtoto awe na kadi yake, mkatie yake. Faida ni mbili: idadi ya vitu mnavyoweza kuchukua inaongezeka maana kila kadi ina kiwango chake, na pili mtoto akishika kadi yenye jina lake anakuwa mtu mwingine kabisa pale kaunta. Ila ujue mwenye kuwajibika kwa kilichopotea ni wewe uliyeweka sahihi.

Ukiwa bado hapo kaunta usiondoke bila kuuliza haya, hata kama nyuma yako kuna foleni: vitu vingapi kwa kadi moja, muda wa kukaa navyo ni sawa kwa vitabu na vifaa vya kuchezea (mara nyingi siyo sawa, gemu na vifaa hupewa muda mfupi zaidi), naweza kuongeza muda mara ngapi na kwa njia gani, kama kitu kipo tawi lingine mnaweza kuniletea hapa, nikichelewa inakuwaje, kikipotea kipande kimoja cha pazo nalipa kipande au pazo zima. Hilo la mwisho watu hawaulizi kabisa na ndo linakuja kuleta ugomvi.

Na hiyo ishu ya faini isikutishe mpaka ukakimbia maktaba. Maktaba nyingi zimeanza kuziondoa kwa sababu ziligundua zinawafukuza hasa familia zenye kipato kidogo, Chicago walizifuta mwaka 2019 na New York wakafata 2021. Kwenye mfumo wa namna hiyo ukichelewa hudaiwi kitu, ila ukipitiliza sana kitu kinahesabiwa kimepotea na unatakiwa ukilipie au ukirudishe. Kama maktaba yako bado inatoza basi soma hatua ya 8 vizuri.

Hatua ya 3: Kuongea na mkutubi

Fupi tu hii. Watu wanaingia, wanazunguka rafu, wanatoka mikono mitupu wakati kuna mtu kakaa pale kazi yake ni kukusaidia. Tatizo ni jinsi tunavyouliza. Ukisema "nataka kitabu kizuri cha mtoto" unampa kazi ya kubahatisha. Sema hivi: "Samahani, nina mtoto wa miaka 5, hajaanza kusoma mwenyewe, kwa sasa hivi anapenda kila kitu kinachobingirika, na kitabu cha mwisho alichokipenda kilikuwa na picha nyingi na maneno machache." Umri, kiwango, anachopenda sasa, alichowahi kukipenda. Kwa hayo manne anaweza kukuletea vitu ambavyo usingevipata kwa kuzunguka mchana kutwa. Alafu ongeza swali moja: "Kuna kitu chochote cha watoto mnachoazimisha ambacho siyo kitabu?" Hapo ndo stoo inafunguliwa.

Bora zaidi mwache mtoto aulize mwenyewe. Mfanyisheni mazoezi nyumbani, akifika pale akaona aibu usimdakie mdomoni, subiri kidogo.

Hatua ya 4: Kusoma namba za rafu

Hadithi za kubuni kwa kawaida zinapangwa kwa herufi za jina la ukoo la mwandishi, na vitabu vya picha vya wadogo mara nyingi vinawekwa kwenye masanduku ya chini vikitazama mbele ili wachague kwa jalada. Hizo hazina shida. Zinazosumbua ni za maarifa, zile zenye namba mgongoni.

Maktaba nyingi duniani zinatumia mfumo wa Dewey, uliotolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ambao unagawa maarifa yote kuanzia 000 mpaka 999. Huna haja ya kuujua wote. Kwa watoto hizi chache zinabeba sehemu kubwa: 398.2 ngano na hadithi za kale, 510 hesabu, 523 sayari na nyota, 567.9 dainosaria, 597 samaki na wanyama kama nyoka na vyura, 598 ndege, 599 wanyama wanaonyonyesha, 629 magari, ndege na vyombo vya anga, 636 wanyama wa kufugwa (mbwa 636.7, paka 636.8), 641.5 mapishi, 741 kuchora, 745 kazi za mikono, 793 michezo ya ndani, 796 spoti. Ukikuta maktaba yenu inatumia mfumo mwingine au imeweka rangi na picha badala ya namba, sawa tu, omba ramani ya rafu.

Sasa kuna kitu kimoja kinachowachanganya watu wazima na akili zao timamu. Baada ya nukta namba zinasomwa kama desimali, siyo kama namba ya kawaida. Tembo wako 599.67, nyani na sokwe wako 599.8. Mtu akiona 67 na 8 anasema 67 ni kubwa kwa hiyo tembo watakuwa mbele zaidi kulia, anaenda kulia haoni kitu, anasema hawana kitabu cha tembo. Kumbe sita ya kwanza inakutana na nane, sita ni ndogo, tembo wako kushoto kabla ya nyani. Kama una mtoto wa darasa la nne au la tano anayelia na desimali mpe kazi hii: mwandikie namba tano kwenye kikaratasi akatafute vitabu mwenyewe. Atakosea, atarudi, atashika. Hiyo ni hesabu ambayo mwishoni ina zawadi.

Na mtoto akiwa na "namba yake" anaacha kukufata nyuma. Mpenda dainosaria wa miaka 5 asiyejua kusoma anaweza kukariri 567.9 akaenda moja kwa moja kwenye rafu yake.

Hatua ya 5: Kuchagua, nini kiingie kwenye begi

Kosa kubwa hapa ni kujaza. Maktaba inakuruhusu ishirini unachukua ishirini, mkifika nyumbani mtoto anaangalia rundo anaenda kucheza na boksi. Mi kanuni yangu ni vitu vitano kwa mtoto mmoja, na kila kimoja kina sababu yake:

- kimoja anachochagua mwenyewe, hata kama wewe unakiona cha kijinga, hata kama ni katuni, hata kama ni kile kile cha juzi
- kimoja kinachojibu lile swali la kwenye karatasi
- kimoja kigumu kuliko kiwango chake, hicho unamsomea wewe
- kimoja chepesi ambacho anaweza kukimaliza mwenyewe akajiona bingwa
- kimoja ambacho siyo kitabu

Kwa anayeanza kujisomea kuna kipimo rahisi cha vidole vitano. Fungua ukurasa wa katikati, asome kwa sauti, kila neno asilolijua anakunja kidole. Asipokunja au akikunja kimoja ni chepesi, viwili vitatu ni saizi yake, vinne atahitaji msaada, vitano mnasoma pamoja. Msitumie kipimo hiki kumnyima kitabu anachokitaka, mtoto anayependa pikipiki atapambana na kitabu cha pikipiki hata kikiwa kigumu, kipimo ni cha kukusaidia wewe ujue nani atasoma.

Watoto wachanga usiwaruke. Wao wape vitabu vya kurasa ngumu za kadibodi, picha kubwa, rangi zinazoachana vizuri kama nyeusi na nyeupe. Watavilamba, wakutubi wanajua hilo, ndo maana vimetengenezwa vile.

Kurudia kitabu kile kile siyo ubutu. Mtoto akitaka kile kile wiki ya tatu mpe, kila akirudia anakamata kitu alichokipita mwanzo, na siku ukiruka mstari atakukamata, hapo ujue ameshaibeba hadithi yote kichwani.

Sasa vitabu visivyo na maneno kabisa, vyenye picha tu, watu wanavipita wakidhani ni vya watoto wasiojua chochote. Mi naviona ni dhahabu, hasa kama vitabu vingi vya maktaba yenu viko kwa lugha ambayo siyo ya nyumbani kwenu. Kitabu cha picha tupu hakina lugha. Unakisimulia kwa Kiswahili chako, na methali zako na vitisho vyako vya fisi, kesho bibi anakisimulia tofauti kabisa, keshokutwa mtoto anakisimulia mwenyewe na kawabadilishia wahusika majina. Mzazi asiyejua kusoma vizuri naye anaingia humo sawa na profesa.

Na kama mtoto ana shida ya kuona au kusoma maandishi kunamchosha, ulizia vya sauti, vya maandishi makubwa, vya nukta nundu, na vile vya kugusa vyenye vitambaa na vitu vinavyokwaruza. Tangu Mkataba wa Marrakesh, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliopitishwa 2013, uanze kutumika 2016, nchi wanachama zinaruhusu nakala za namna hiyo zitengenezwe na hata kuvushwa mipaka bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, kwa hiyo kisipokuwepo kwenye rafu uliza kama wanaweza kukipata kwingine.

Hatua ya 6: Midoli, pazo na gemu, kagua kabla hujatoka

Hapa usione aibu kuchelewesha foleni. Fungua boksi pale pale kaunta au kwenye meza ya karibu, hesabu vipande ulinganishe na namba iliyoandikwa kwenye boksi, vipange mezani, piga picha kwa simu. Kama kuna kilichopungua au kuvunjika sema saa hiyo hiyo waandike. Ile picha itakusaidia mara mbili, kwanza hakuna atakayekusingizia, pili siku ya kurudisha unajua unatafuta nini chini ya kochi.

Alafu usalama, na hapa sitanii. Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka 3, hata kama mdoli umeazimwa kwa ajili ya kaka yake, angalia vipande vidogo. Kipimo rasmi cha viwanda ni kikopo chenye upana wa kama sentimita 3.2, kinachoingia humo ni hatari ya kukaba. Nyumbani tumia ile roli ya kadibodi ya karatasi ya chooni, yenyewe ni pana zaidi kidogo kwa hiyo inakupa ziada ya usalama: kinachopita humo mdogo asikiguse.

Betri za kifungo, zile bapa kama sarafu, hakikisha mfuniko wake umefungwa kwa skrubu. Ikimezwa inaweza kuunguza umio ndani ya masaa 2 tu, hiyo ni safari ya hospitali mara moja, usisubiri uone. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo hivyo hivyo, mtoto akimeza mbili zinavutana ndani ya utumbo na kuubana katikati. Mdoli wowote wenye sumaku iliyolegea rudisha mezani.

Usafi usiwe na wasiwasi nao sana. Vya plastiki visivyo na betri osha kwa maji ya sabuni, suuza, kausha. Vya mbao futa tu kwa kitambaa chenye unyevu, ukiviloweka vinavimba na kupasuka. Vya kitambaa uliza kwanza maktaba wanavifuaje.

Na soma maelekezo ya gemu wewe mwenyewe usiku, watoto wakiwa wamelala. Ukianza kuyasoma mbele yao wakati kila mtu keshashika kete, gemu itaishia kwenye kelele.

Hatua ya 7: Nyumbani, kutumia

Ranganathan, mkutubi maarufu wa India, mwaka 1931 aliandika sheria tano za maktaba na ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa. Naitaja kwa sababu kuna wazazi wanaoazima kitabu alafu wanakiweka juu ya kabati kisichafuke. Sasa umeazima cha nini? Tenga kikapu kimoja cha chini, kila cha maktaba kinaishia humo, majalada yakitazama mbele. Kikapu kimoja tu, siyo kimoja chumbani kingine sebuleni, hiyo ndo inakuokoa siku ya kurudisha. Usiweke vyote siku ya kwanza, toa viwili vitatu, vingine vifiche uvitoe katikati ya wiki mvua ikinyesha wamekwama ndani.

Kwenye kusoma, usisome tu kama mtangazaji wa habari. Mtafiti Grover Whitehurst na wenzake mwaka 1988 walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto ambao wazazi wao walifundishwa kuuliza maswali ya wazi na kupanua majibu ya mtoto wakati wa kusoma walipiga hatua zaidi kwenye kujieleza kuliko wale waliosomewa kawaida. Kwa vitendo inakuwa hivi: badala ya "hii ni nini?" sema "unaona nini kinaendelea hapa?" Akisema "gari", wewe unasema "eeh, gari jekundu limekwama kwenye tope", unamwachia arudie au aongeze. Akisema "baba anasukuma" muulize "unadhani litatoka?" Mkifika ukurasa wa pili tu muda ukaisha siyo kesi. Na kuna siku hataki maswali anataka hadithi, mpe hadithi, ukimuuliza kila mstari unakuwa mwalimu wa zamu.

Baada ya kitabu kije kitendo. Mmesoma cha madaraja, sasa weka viti viwili, ubao au kadibodi katikati, mwambie apitishe gari. Kadibodi itapinda. Usimwambie kwanini. Mwache aweke kitu chini, aikunje kingo zake, aweke mbili. Akikwama rudini kwenye kitabu mtazame picha ya daraja lenye nguzo, utaona anavyokitazama safari hii, anatafuta kitu, haangalii tu rangi. Ndo maana nasisitiza kimoja kiwe siyo kitabu, kitabu na kitu vikikaa pamoja kila kimoja kinamrudisha kwenye mwenzake.

Upande wa kidijitali kwa haraka: maktaba nyingi zinatumia apu kama Libby, unaingia kwa namba ya kadi yako unaazima vitabu vya kusoma kwenye skrini na vya kusikiliza. Vinajirudisha vyenyewe muda ukiisha kwa hiyo faini hakuna. Usishangae kukuta foleni hata kwa kitabu cha kidijitali, maktaba inanunua leseni na mara nyingi nakala moja inasomwa na mtu mmoja kwa wakati. Vya sauti ni vizuri sana safarini na wakati wa kulala, pakua mapema mkiwa na waifai, na kama mnaweza chukueni na kitabu chenyewe cha karatasi ili mtoto afuate maneno kwa kidole huku anasikiliza.

Hatua ya 8: Ajali na kurudisha

Vitaharibika. Ukurasa ukichanika usibandike selotepu ya kawaida, inageuka njano na gundi yake inakula karatasi, wakutubi wana tepu yao maalum. Weka kipande ndani ya ukurasa, peleka, sema.

Kikilowa maji kidogo, kisimamishe wima kurasa zikiwa zimeachana, weka tishu katikati ya kurasa, kiweke penye upepo, siyo juani na siyo pasi. Vitabu vya watoto vingi vina karatasi za kung'aa, hizo zikikauka zikiwa zimegusana zinaganda moja kwa moja, kwa hiyo karatasi kavu katikati ya kila ukurasa iingie mapema. Kikilowa chote chapachapa na huna muda, kitie kwenye mfuko wa plastiki uweke kwenye friza, ukungu unaweza kuanza ndani ya siku mbili na baridi inausimamisha mpaka uongee na maktaba. Watu wanacheka nikiwaambia hili ila hata wataalamu wa kuhifadhi nyaraka ndo wanavyofanya mafuriko yakiingia.

Kikipotea toa taarifa kabla ya tarehe, siyo baada. Maktaba nyingi zinakubali uwatafutie nakala nyingine ile ile badala ya kulipa, ila usinunue kabla hujauliza, kuna zingine hazipokei.

Kuhusu tarehe, weka alamu kwenye simu siku tatu kabla, siyo siku yenyewe. Hizo siku tatu ni za kutafuta vipande chini ya kochi, kupekua kurasa (picha za familia na michoro ya watoto huwa inasahaulika humo), na kuamua nini mnaongezea muda. Kuongeza muda mara nyingi unafanya mtandaoni au kwa simu, ila kama kuna mtu mwingine kakiwekea oda mfumo utakukatalia, hilo halina ujanja.

Hapo ndo mtoto anaangua kilio kwamba kitabu chake hakirudi. Usimdanganye kwamba mnaenda kukionyesha tu. Mwambie kuna mtoto mwingine kakisubiri, mpeni nafasi akipige picha jalada, na mkifika kaunta mwache akirudishe kwa mkono wake alafu papo hapo wekeni oda yenu kwa kadi yake, ili aone jina lake limeingia kwenye foleni.